Hewa ya Magodoro ya Médiatrice

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kigali, wenye malori na wenye miguu tu: leo tunamtukuza Ismaël wa Biryogo, sultani wa madaraja ya mizigo, mja ambaye Mungu alimnyima nywele akamfidia kwa tepu ya kupimia.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye geti la uwanja wa malori, kupima mzigo urefu, upana na kimo, kuuning'iniza kwenye mizani, kisha kugawanya kilo kwa ujazo. Mzigo mdogo wa umbo lakini mzito, kama misumari, uliingia daraja la chini, nauli nafuu kwa kila kilo. Mzigo mwepesi unaojaza lori, kama godoro, daraja la juu.

"Hata hewa inakaa kwenye kiti," aliwaambia wateja wanaonung'unika.

Médiatrice, mshonaji wa magodoro ya pamba, aliyaelewa maneno hayo kupita kiasi. Asubuhi moja ya mwaka 1992 alileta mzigo wa kwenda Cyangugu: magodoro kumi aliyoyakunja na kuyabana nyumbani kwake kwa jeki ya lori, akayafunga kamba hadi yakawa kama tofali. Ismaël akapima. Mita moja kwa mita moja, kimo sentimita sitini, kilo mia na ishirini. Hiyo ni kilo mia mbili kwa kila mita ya ujazo, na godoro la kawaida halifiki sabini.

"Mama, umeiua hewa!" akashangilia, akaandika daraja la chini kabisa.

Sajenti Mutsinzi, aliyekuwa akikagua malori pale getini, akaichungulia karatasi. Vita vilikuwa kaskazini, na siku hizo mtu aliweza kutiwa ndani kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Godoro gani hili, uzito mara tatu?"

"Ni pamba, mkubwa," Médiatrice akajibu.

"Pamba! Na mimi ni bibi harusi. Humu kuna chuma. Nani kapima?"

"Mimi," Ismaël akasema, akitamani kuwa mfupi zaidi.

"Basi sema wewe, mwalimu wa hesabu. Pamba au bunduki? Ukikosea, unapanda gari moja na huyu mama, na haliendi Cyangugu."

Ismaël akachomoa kalamu sikioni. "Godoro moja kilo kumi na mbili, mara kumi, mia na ishirini. Uzito haujaongezeka, mkubwa. Umbo ndilo limepungua. Jeki haizai chuma, inatoa hewa tu."

"Na hayo kumi nani kayahesabu?"

Hakuna aliyeyahesabu. Kulikuwa na neno la Médiatrice, basi.

"Pamba tupu," Ismaël akasema, sauti nyembamba kama uzi. "Wallahi."

Sajenti akatoa kisu, akainama, akakata kamba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipokatika, mzigo ulifumuka kama unga uliozidishwa hamira, ukamgonga kidevu na kumkalisha chini, kofia ikaruka huko.

Hakuna aliyecheka. Watu ishirini walibana vicheko kama wanavyobana mkojo. Sajenti akayapasua magodoro mawili, akayakandamiza mengine moja moja. Pamba, pamba, pamba. Akajifuta nyuzi nyeupe kwenye masharubu, akaenda zake bila kuaga.

Médiatrice akaketi juu ya biashara yake.

"Kaka Ismaël, umeniapia mbele ya kisu! Ulijuaje kwamba sikuficha kitu?"

"Sikujua."