Jezi Haivuliwi Kabla ya Kipenga

Marehemu baba alikuwa golikipa wa timu ya chuo cha ualimu, Tanga. Nami nilisoma chuo hichohicho, nikairithi timu pamoja na mkosi wake wa kufungwa. Jezi ya kijani ya baba niliipunguza imtoshe binti yangu, aliyezaliwa hapa ugenini, Turffontein, na ambaye Tanga anaijua kwa picha tu. Nilimfundisha na sharti la babu yake: siku ya mechi jezi inavaliwa asubuhi, haivuliwi mpaka kipenga cha mwisho.

Jumamosi moja mdogo wangu, ambaye sasa anafundisha palepale chuoni, alikuwa akinitangazia mechi kwa simu. Binti yangu alikuwa ametoka kununua mkate kwenye spaza, kile kiduka cha kona. Katikati ya utangazaji ukaingia ujumbe wa jirani: waandamanaji wanaotaka wageni waondoke wamefika mtaa wetu. Ndipo nikakumbuka mtoto amevaa nini. Mgongo mzima maneno meupe, Kiswahili kitupu.

Nilitoka mbio na kandambili. Nikamwona karibu na robot, zile taa za kuongozea magari, wanaume wenye fimbo wamemzunguka. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa jirani. Kizulu changu ni cha kununulia nyanya; nikifungua mdomo tu, nimetuuza wote wawili. Niliogopa mpaka nikajiuma mkono.

Mmoja akamuuliza hiyo ni timu gani. Mwanangu akamjibu kwa Kizulu kilichonyooka, "Ya babu yangu."

"Inashinda?"

"Haijawahi."

Yule mtu akacheka, akamwambia aende nyumbani upesi.

Tulipoingia ndani, hata mkate sikuupokea. "Vua hiyo jezi."

"Eish, Mama, mechi haijaisha. Si wewe ulisema?"

"Nimesema vua."

Nikamvua mwenyewe, kama ninayemvua mtoto mchanga. Simu mezani ilikuwa ikipiga kelele: tumesawazisha. Hakuna aliyeshangilia.

Siku ya mechi iliyofuata sikuitaja jezi kabisa. Joto lilikuwa kali, madirisha yote tumeyafungua. Binti yangu akatoka chumbani amevaa jaketi la shule, zipu mpaka kidevuni, akaketi kando ya simu huku jasho likimtoka. Shingoni ilichungulia kola ya kijani.

Sikuwa nimemwambia aifiche.