Mgomba Juu ya Kaburi Langu

Siku niliyotoka gerezani nililitembelea kaburi langu mwenyewe. Sikwenda kwa hiari; nilipelekwa. Nilikuwa nimetembea kutoka lango la gereza hadi Kyebando, mtaani kwangu, safari ambayo mtu mwenye viatu huimaliza kwa nusu siku. Mimi, ambaye viatu vyangu vilibaki kamba tu, naapa niliimaliza kwa karibu mwaka. Nilitaka kitu kimoja: chumba changu, cha tatu katika safu ya vyumba sita vya mama mwenye nyumba, na kitanda kilicho ndani yake.

Mama huyo alikuwa anamenya matoke uani. Aliponiona hakupiga ukelele. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akitafuta gari.

"Nani alikuleta?"

"Miguu yangu, nyabo," nikasema, kwa adabu ya Kiganda.

"Huko watu hapana ludi. Wewe naludi kwa nini?"

Lilikuwa swali la haki. Miaka ile ya utawala wa jeshi, aliyetiwa kwenye buti ya gari hakurudi. Akirudi, watu walijiuliza ameuza nini, au amemuuza nani. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya jiografia. Nilikuwa nasoma shule ya jioni, na siku moja pale Wandegeya watu wa miwani myeusi walinisimamisha. Hawakugusa mifuko yangu wala saa. Walichukua daftari, wakalifungua moja kwa moja kwenye ramani niliyochora, yenye mito, maziwa na reli.

"Reli hii unamchorea nani?"

Nikasema namchorea mwalimu, na kwamba huyo ni mkali kuliko wao. Utani ule ulinipa miezi kumi na sita, na miezi yote hiyo nilijiuliza swali moja: nani aliwaambia wafungue daftari?

Mama akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mtaani tulikuwa na chama cha kufaana cha nyumba kumi na moja, munno mukabi kwa Kiganda: ukifiwa kinakupikia, ukifa kinakuzika. Wanachama walinisubiri miezi miwili, kisha wakanizika. Kwa kuwa maiti haikuwapo, walizika shina la mgomba mahali pangu, ndivyo wanavyomfanyia mtu asiyepatikana. Wakalifunga kwa shuka la kitanda changu, lile la maua. Mama aliniambia kwamba walilia vizuri sana, nami nikamshukuru.

Ila aliyepewa kazi ya kukata shina na kulifunga alikuwa jirani yangu wa chumba cha nne, fundi cherehani kutoka Kenya, mtu aliyekulia kwenye mahindi. Hakukata, bali aling'oa mche mzima na mizizi yake. Na kwa kuwa walichimba usiku, kwa haraka, wakiogopa kuulizwa wanamzika nani, kaburi lilikuwa na kina cha sufuria. Basi nikachipua. Siku ile nilipojitazama nilikuwa nimelipita paa, nimebeba mkungu ambao wanaume saba wangeuinua kwa kupokezana.

"Hapana mtu nakula hiyo," mama akasema.

Chumba changu nacho kilikuwa kimechukuliwa na fundi yule yule. Alikuwa na mke na watoto wanne katika chumba kimoja. Sasa alikuwa na viwili. Alinisalimu huku anatazama sindano yake. Niliona, nikaweka moyoni.

Nikahamia Wandegeya, kwenye baraza ya duka moja la kupiga chapa, mkabala na kituo cha polisi. Hakuna nyumba nchini iliyolindwa kuliko ile. Wenzangu wa shule ya jioni walipita asubuhi wakienda kazini, na wakiniona walivuka barabara kwa mbio ambazo zingewapatia medali.

Jumapili chama kilikutana uani, nami nikaja kuomba pa kulala. Nilisimamishwa katikati kama mbuzi wa mnada.

"Mbona hakukonda?" akauliza mwanachama mmoja, mke wa polisi. Wakati huo nilikuwa napita kwenye tundu la ufunguo bila kugusa chuma.

"Tena anacheka," akasema mwenzake. "Mtu ametoka kule, anacheka nini?"

Nikawaeleza kwamba wadudu wa maharage ya gerezani walikuwa wakubwa hata tukiwaamkia shikamoo kabla ya kula. Hakuna aliyecheka. Nikatambua kwamba mdomo wangu ndio ulionifunga, na ndio ulionifungia milango.

"Tukimpokea, wale wa miwani watasema sisi ni watu wake," akasema mke wa polisi.

"Na tukimfukuza," fundi akauliza polepole, "kumbe ni mtu wao?"

Nadhani kila mmoja alikumbuka alichowahi kusema mbele yangu kuhusu sukari kukosekana.

"Basi alale kwako," mmoja akamwambia mwenzake.

"Kwangu? Kwako, ndugu yangu! Wewe ndiye mwenye godoro."

Mama ndiye aliyemaliza. Akachukua panga, akaenda nyuma, akarudi na mkungu wangu kichwani.

"Wote nalia siku ile, leo wote nakula. Mtu nakula, maziko imekwisha. Mtu nakataa, tutajua sababu yake."

Tulikula. Sijapata kuona watu wanatafuna huku wanachungana midomo namna ile. Fundi aliongeza sahani ya pili, na hilo pia nikaliweka moyoni.

Kisha wakapanga zamu: wiki moja kila nyumba, Jumamosi hadi Jumamosi. Haukuwa upendo. Kila mmoja alitaka kunitazama kwa macho yake, na hakuna aliyetaka kunitazama kwa muda mrefu. Hivyo mimi, niliyekosa nyumba moja, nikapata nyumba kumi na moja kwa sababu hakuna hata moja iliyoniamini. Walinilisha, wakanipa sabuni na shati. Kwa mke wa polisi, redio ilizimwa kila nilipoingia. Kwingine tulizungumzia mvua siku saba mfululizo, na ilikuwa kiangazi.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya fundi. Aliwaondoa watoto, akanifungulia chumba changu. Kitandani palitandikwa shuka langu la maua, safi, limepigwa pasi.

"Si mlinizika nalo?"

"Mgomba niliufunga kwa gunia, gizani hakuna aliyeona," akasema. "Shuka nilikuwekea."

"Kwa nini?"

"Maiti haikuwapo, ndugu."

Nilikaa juu ya shuka lile nikifikiri. Mtu aliyeweka shuka, akaacha na mizizi, ama alitumaini kwamba ningerudi, ama alijua nilikopelekwa. Na aliyejua nilikopelekwa alijuaje?

Jumamosi ilifika, hakuna aliyekuja kunichukua kwa duru ya pili. Fundi alisimama mlangoni, mkewe na watoto wanne wamebanana nyuma yake kwenye chumba kimoja kama zamani.

"Kaa," akasema. "Ni chako."

Aliyenisaliti angeweza kusema hivyo, na aliyenipenda pia. Sikumuuliza. Nilihitaji mlango kuliko jibu.

Nilimalizia shule ya jioni katika chumba kile, na jiografia nilifaulu kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Lakini kila nilipoanza kuchora ramani, cherehani ya upande wa pili wa ukuta ilinyamaza. Nami niliinua kalamu, tukabaki tunasikilizana, hadi mmoja wetu alipokohoa.