Hadithi Iliyojua Unga wa Mikono Yangu

Simu ilikuwa juu ya meza, kando ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, iliyopoa. Mwanamke mwenye nyumba aliibonyeza kwa kidole kidogo kwa sababu vingine vilikuwa na mafuta. Tulikuwa jikoni kwake, Black Rock, Buffalo, mchana kweupe, theluji imefunika nusu ya dirisha. Kwanza nilisikia watu wanaomba kwa kelele. Halafu, ndani ya ile simu, mwanamke mwingine akaanza kulia, akamwita mume wake kwa jina la utani ambalo nilidhani hakuna mtu mwingine duniani analijua.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia maiti inakaa kitako.

"Mama," akasema, "ni weye."

Nimetoka milima ya Kivu ya Kusini. Nimepita vita, nimepita kambi. Lakini mume wangu alikufa siku ile, jikoni mwa watu, mbele ya sahani ya sombe. Waliomuua ninawajua. Majina yao siyaandiki, ila mtawatambua.

Bon, nirudi nyuma. Ilikuwa 2015, tunakaa Louisville, Highview, mimi na binti yangu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala, napanga viatu ndani ya maboksi. Wamama wa kwetu pale kazini walikuwa wanasikiliza audio, sikio moja kwenye simu, sikio lingine kwa supavaiza. Audio zilitumwa kwenye grupu la kanisa. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya zamani, inaendelea kila wiki, na mtu anayeisimulia alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Hakutaja jina lake.

Hadithi ilikuwa ya nchi moja ya wakomunisti, ya mbali, ya milima na baridi, imefungwa pande zote. Huko redio ya kila nyumba ilipigwa lakiri ishike stesheni moja tu. Jirani alilipwa kusikiliza jirani. Mtu akichukuliwa, kesho yake watu wanapita mbele ya mlango wake kama hajawahi kuzaliwa. Ndani ya nchi ile msichana wa kiwanda cha nguo alipenda kijana anayepima barabara, na kwa sababu kupendana bila ruhusa ya chama ilikuwa kosa, waliongea kwa kukohoa.

Tulipenda ile hadithi! Mama mmoja wa laini yetu alikuwa anasema, "Bwana yangu hata kukohoa hanikoholei, anakoroma tu." Tunacheka, viatu vinatupita.

Sasa mtu wa nje lazima aelewe kitu. Kwetu, audio ikifika kwenye grupu la kanisa na kuanza na "Bwana asifiwe", huo ni ushuhuda. Ni jambo lililotokea kwa mtu kweli. Na huyu mwanamke kila audio alianza hivyo, "Bwana asifiwe, wapendwa." Binti yangu aliniambia kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, kwamba ni hadithi tu. Nikamwambia, "Weye unajua nini? Mtu atamtaja Mungu kwanza halafu adanganye?"

Halafu ikaanza kuniingilia. Siku moja nilijua neno kabla halijasemwa. Kijana wa hadithi alimwambia msichana kwamba anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na mdomo wangu ulikuwa umeshalimaliza. Mume wangu aliniambia vilevile, kwenye njia ya kisima. Wiki iliyofuata, kijana alikuwa na kovu nyuma ya sikio, palepale mume wangu alipokuwa nalo. Nilishika boksi, sikuliweka chini. Nikaangalia nyuma. Wamama wote walikuwa wameinamia maboksi, kila mmoja na waya wake sikioni, na ile sauti moja ilikuwa inatembea ndani ya vichwa vyao, inasema maisha yangu.

Ndipo wakaja kumchukua kijana. Msichana alikuwa anasonga ugali. Maaskari wa chama wakasimama mlangoni, na kijana, kabla ya kutoka, akamwambia, "Funga mlango na mguu, mikono yako iko na unga."

Boksi likaanguka.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho mume wangu aliyoniambia. Walikuja watu wenye bunduki, wakamtoa, akageuka, akasema hivyo. Nikafunga mlango na mguu. Sikuona maiti, sikuona kaburi, hakuna aliyeniambia amefia wapi. Nchi ile ya wakomunisti wanakula wali, mimi najua, lakini mwenye kusimulia hata unga hakuubadilisha. Donc nilifikiri kama mtu yeyote wa kwetu angefikiri. Ukiacha wale wenye bunduki, waliokuwa mlangoni ni yeye na mimi. Mimi sijamwambia mtu. Basi yeye anaishi, na mahali fulani amemsimulia huyu mwanamke.

Nikaenda kwa mama wa maombi, hapo hapo Highview. Ni yeye anayeongoza chumba cha maombi cha kanisa letu. Nikamwambia yote. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Huyu anayesimulia ni nani?" nikamuuliza.

"Nasikia ni mtu wa Columbus."

"Unafikiri bwana yangu anaishi?"

Akakunja shuka, pembe kwa pembe. "Mungu hashindwi, dada. Nenda tu."

Akaniwekea mkono kichwani, akabariki safari yangu.

Nikanunua koti la mwanaume kwenye duka la mitumba, zito, refu, kwa sababu Columbus kuna baridi na yeye alikuwa mrefu. Binti yangu ndiye aliyeendesha gari. Kanisani Columbus tulikuta wamama kwenye koridoo wanasikiliza audio mpya, simu nyingi, haziendi pamoja. Neno lilianza kwa simu ya kwanza, likarudiwa kwa ya pili, likafika mwisho wa benchi, kama mtu anatembea pembeni yangu na kila nikisimama anasimama. Kijana wa hadithi amerudi, walisema. Amefungwa miaka, sasa amesimama nje ya kiwanda, anakohoa. Nikakaa chini sakafuni na lile koti.

"Anayesimulia yuko wapi?"

"Amehamia Buffalo, bwana yake amenunua nyumba. Mama, si ni mdogo ya mama wa maombi wenu? Hujui?"

Sikujua.

Tukaendelea hadi Buffalo, na yule mwenye kusimulia akanifungulia mlango akiwa anatabasamu. Nikamwambia, "Mume wangu yuko wapi?"

"Mume gani, mama?"

Nikamwambia habari ya unga. Tabasamu likaondoka. Alinikalisha jikoni, akanipa chakula. Akasema yeye ni mwandishi, anatunga. Dada yake humtumia machozi ya watu, ndivyo alivyosema, machozi ya watu, yeye anayavalisha nguo. "Niliweka nchi ya mbali, nikaweka miaka ya zamani, mtu asijitambue. Na nchi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuuliza, nani atauliza kama ni kweli?"

"Dada yako aliyatoa wapi? Mimi sijasema."

Hapo ndipo alipoibonyeza ile simu.

Kwenye chumba cha maombi mtu mwenye mzigo hufunga bila kula, halafu hulazwa chini na kufunikwa kitenge, wengine wanaomba juu yake. Akiamka hakumbuki alichosema, na waliokuwepo wanaapa kimebaki kwa Mungu. Mimi nililazwa vile mwaka tulipofika. Mama wa maombi aliingiza simu chini ya kitenge.

Na kijana aliyerudi? "Hiyo niliongeza," yule mwanamke akasema. "Watu wanapenda arudi."

Koti nililiacha kwenye kiti chake.

Sasa nauliza, na siulizi hewani. Mama wa maombi, ulijua kila kitu ulipokuwa unakunja shuka. Kwa nini uliniacha niende kumtafuta? Mdogo wake, ni nani aliyekupa haki ya kumrudisha mume wangu ili watu wafurahi? Na wewe mchungaji wa Highview, niliporudi nilikueleza, ukasema tusamehe, tuendelee. Chumba cha maombi ni chako, ufunguo uko mfukoni mwako. Wangapi wengine wamerekodiwa? Sauti zao ziko wapi? Simama mbele ya kanisa Jumapili, unijibu.