Dakika Nne za Mwanafunzi

Adero, nesi wa thieta hapa Nakuru, alishamzoea yule mwanafunzi wa mashine ya moyo. Ana digrii moja tayari, sasa anasomea ya pili, ajifunze kuzungusha damu ya mtu moyo wake ukiwa umesimamishwa. Kila mpira wa kupitisha damu anaoshika lazima augonge kwa kucha kutafuta hewa, hata mrija wa soda kantini. Povu moja la hewa likiingia kwenye damu, mgonjwa hafiki wodini. Juzi, mtoto kutoka Olenguruone akiwa mezani, daktari wa upasuaji alisema, "Washa." Mwanafunzi akagonga mpira, akagonga tena.

"Bado, daktari. Kuna hewa."

"Siku hizi mwanafunzi ndiye ananipangia kazi?"

Mkono wake haukutoka kwenye klampu iliyobana mpira. Dakika ya nne, povu dogo kama punje ya wimbi likapanda, akalitoa, akawasha. Hakuna aliyemwambia asante. Jana Adero akasoma ripoti ya daktari kuhusu upasuaji ule, damu ikamchemka: tulichelewa dakika nne, uzembe wa mwanafunzi. Na chini, sahihi ya mwanafunzi mwenyewe.

"Na wewe ukasaini huu uongo?"

"Nisiposaini, daktari hanipitishi, sifuzu, sista."

Kule wodini, mtoto wa watu alikuwa ameketi kitandani, anaitisha chai.