Saini ya Ghorofa ya Nne

Mume wangu wanamwita Sekunde, kwa wepesi wake wa kupanda ngazi. Mwaka wa kumi na nane huu anasambaza vifurushi, na siku hizi ana swali moja tu: hizo droni za kuleta mizigo majumbani zitaanza lini? Anamuuliza bosi, anamuuliza fundi redio, ananiuliza hata mimi nikiwa na sabuni machoni. Bosi humjibu labda miaka miwili, labda mitano; betri bado, mvua bado, sheria ndiyo kabisa.

Wenzake humcheka eti anaulizia mwizi wa kazi yake. Hawajui kitu. Anataka zije hata kesho, maana droni haighushi saini.

Mimi najua kwa sababu nilimbana mpaka akasema yote. Kazini kwao kifurushi cha dawa hakiachwi mpaka mwenyewe afungue mlango na kutia saini. Mwezi wa tatu ililetwa droni ya majaribio, wakashindanishwa nayo, na huyu bwana kichwa ngumu akaapa hatashindwa na feni. Ghorofa ya nne akabisha mara moja. Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyeishi pale peke yake, hakufungua. Mume wangu akamtilia saini, akaacha dawa za moyo kizingitini, akashuka mbio. Akaishinda droni kwa dakika mbili.

Mwalimu alikutwa kesho yake, ameanguka nyuma ya mlango. Daktari alisema hakufa upesi.

Tangu hapo mume wangu anasikia kucha zikikwaruza nyuma ya kila mlango. Anabisha, anatega sikio, anabisha tena. Usekunde wenyewe umekwisha.

"Kamwambie binti wa mwalimu," nilimwambia. "Hili litakumaliza." Akakubali kwenda Jumamosi.

Jumamosi binti akatuwahi, akaja mwenyewe asubuhi. Hata kiti hakutaka. Alikuwa anaomba ile karatasi ya kupokelea dawa, kwa kuwa ndiyo mwandiko wa mwisho wa mama yake. Sekunde akaitoa kabatini, alikoificha tangu siku ile. Binti akaipitishia kidole, herufi kwa herufi.

"Kaka, alikuwaje siku ile? Alisema chochote?"

Nikamkazia mume wangu macho: sema.

"Alisema asante," akajibu.

Binti akalia, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Na mimi, kwa mdomo wangu wote huu, nikanyamaza.