Mwanaume Aliyeimba Jikoni Kwangu

"Mama Belise, ule mwanaume anaimbaka kwako saa kumi, atakuoa lini?"

Jirani yangu Laurence aliniuliza hivyo kwenye bomba la maji, mbele ya watu, saa moja asubuhi.

Jerikani ikanitoka mkononi.

Nimekuwa mjane miaka kumi na moja sasa. Nyumbani kwangu hata jogoo sina.

"Mwanaume gani, Laurence?"

"Ah, usinichezee! Iko na sauti nzito kama lori inapanda mulima. Jana alikuambia, 'Fungua mlango, nimekuja na mvua.' Na we ukamujibu, 'Mlango uko wazi.' Ata mvua haikukuwa!"

Watu walicheka mpaka mwingine akamwaga maji yake.

Mimi nilishaelewa. Ningeweza kueleza palepale, yakaisha. Lakini nikajiuliza: kwani nimekosa nini mpaka nijieleze bombani? Nikajaza maji yangu, nikaenda zangu.

Kosa lilikuwa hapo. Mpaka Jumapili, yule mwanaume alishafika kanisani kabla yangu.

Naitwa Iribagiza. Natoa viazi soko la Mahoko, nauza hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Shule niliishia la sita. Nasali, nafunga, na naongoza kwaya ya wajane. Siyo mtu wa makelele.

Ila nina kitu kimoja tangu utoto. Napenda filamu za kuimba.

Zile ambazo watu wanaongea vizuri tu, wanabishana mambo ya shamba au ya mahari, halafu ghafla mmoja anafungua mdomo na maneno yanakuwa wimbo. Wengine wanasema ni upuuzi, eti hakuna mtu anayefanya hivyo maishani.

Mimi nilizaliwa kwa mtu aliyefanya hivyo.

Tulikuwa wakimbizi Goma, upande wa Congo, mtaa wa Birere. Baba alifanya kazi kwenye ukumbi mmoja wa mabati, anaonyesha filamu za Kihindi juu ya shuka jeupe. Watu hawakuelewa kitu, kwa hiyo baba alisimama pembeni na kipaza sauti, anawatafsiria.

Shida ni kwamba baba hakujua Kihindi. Hata neno moja.

Alitunga! Akimwona mzee amekasirika, anampa maneno ya hasira. Akiona msichana analia, anampa sababu. Na wimbo ukianza, alizima spika, akaimba yeye mwenyewe kwa Kiswahili, maneno aliyoyatoa kichwani mwake. Watu walirudi kesho yake kusikia baba, siyo Wahindi.

Nilipofika miaka minane, alinisimamisha juu ya kasha la bia niimbe sehemu za mwanamke. Nilipofika kumi na nne, koo lake liliharibika, sauti haikutoka tena. Nikaimba zote mbili. Ya mwanamke, kisha nashuka chini kifuani, naitoa ya mwanaume.

Ule wimbo wa mvua ndio watu walioupenda kuliko zote. Mwanaume yuko mlangoni, ameloa. Mwanamke yuko ndani, amenuna.

Na ulikuwa na desturi yake. Tukifika mstari wa mwisho, baba alikuwa anainua mkono, ananyamaza. Ukumbi mzima unaumalizia kwa sauti moja. Ukiwa umeingia mle mara mbili tu, huwezi kujizuia. Mstari unatoka wenyewe.

Baba alifia kule kule. Maneno yake hayako kwenye kanda wala kwenye kitabu. Yako kwangu. Ndiyo maana kila siku saa kumi, nikimenya viazi, naimba wote wawili, yule wa mlangoni na yule wa ndani.

Sasa turudi kanisani.

Kiongozi wa kamati ya akina mama ni Mukabera. Mwanamke mrefu, hachekicheki. Na yeye alirudi kutoka Congo kama sisi. Kwake filamu ni mdomo wa shetani. Mwaka wa tisini na nane alinikalisha uani nikachoma kanda zangu saba za filamu, na yeye amesimama anahesabu. Nilikuwa mdogo. Nikatii. Moshi wa zile kanda naukumbuka mpaka leo.

Jumapili hiyo aliniita baada ya ibada.

"Bon, Mama Belise. Utatubu mbele ya kanisa. Kwaya utaacha. Pasaka hautashiriki meza ya Bwana. Na ule muchezo wako wa Ruthu unasimama leo."

Hapo alinigusa penyewe. Mchezo wa Ruthu niliutunga mimi. Wajane kumi na wawili, wote wanaimba, hakuna anayeongea. Ruthu anamwimbia Naomi, Naomi anamjibu. Tulifanya mazoezi miezi minne. Kulikuwa na mama mle ambaye tangu amzike mumewe hakuwa ameongea kwa sauti, na sasa alikuwa Naomi.

"Nitubu nini?" nikauliza.

"Mwanaume."

"Na kama hayuko?"

"Donc mutaa muzima wamepata wazimu?"

Nilimtazama machoni. "Njoeni kesho saa kumi. Mtamwona."

Wakaja watatu. Mukabera, Laurence kama shahidi, na Mzee Gatete wa baraza la wazee na daftari lake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, wakaacha viatu mlangoni na tope lote.

Mukabera alichungulia nyuma ya pazia la chumba kabla hata ya kukaa.

"Iko wapi?"

"Chai kwanza."

"Hatukukuja kunywa chai."

Mzee Gatete, aliyekulia Tanzania, akasema taratibu, "Mama Belise, tupo hapa kwa upendo. Kama kuna mtu, mwite tu aje."

Nikakaa kwenye kigoda changu karibu na mbabula, jiko langu la makaa. Nikachukua kiazi na kisu. Nikashusha sauti mpaka kifuani.

"Fungua mlango, nimekuja na mvua…"

Laurence aliruka kwenye kiti. "Yesu wangu! Ni ye! Ni ye mwenyewe!"

Nikapandisha. "Mlango uko wazi, ni wewe umefumba macho."

Mzee Gatete akacheka mpaka akakohoa. "Laurence, ndiye huyu mchumba?"

"Mi nilisikia watu wawili," Laurence akasema, anatazama miguu yake. "Mama Belise, pardon. Kweli, pardon."

Nilidhani yameisha. Mukabera hakucheka hata kidogo.

"Ni mubaya zaidi. Mwanaume tungemufukuza. Hii iko ndani yake. Hizo ni nyimbo za dunia, umetoa kwa zile filamu."

"Ndiyo."

"Unakubali?"

"Nakubali. Na sitatubu."

Gatete akaacha kuandika.

"Mama Mukabera, mara ya kwanza nilichoma. Safari hii hakuna moto. Nilipofiwa, maombi yenu yalikuwa ya wiki moja. Wiki ya pili nilibaki na wimbo huu, na Mungu alikuwa ndani yake, nilimsikia. Kama ni dhambi, aniambie Yeye. Ruthu ataimba Pasaka. Mkifunga kanisa, ataimba hapa uani, na Laurence atasikia bure."

"Kiburi!" akasema Mukabera.

Mimi ni mtu wa kutazama. Sokoni najua mnunuzi atakayerudi kwa jinsi anavyoshika mfuko. Basi nilipoimba ile mistari miwili, niliona kitu.

Kidole kikubwa cha mguu wa Mukabera. Kilikuwa kinapiga sakafu. Na hakikuwa kinafuata sauti yangu. Kilikuwa kinaitangulia.



Nikaanza tena, bila kumwomba mtu ruhusa. Ubeti wa kwanza. Wa pili, pale mwanaume anaposema amepita kwenye tope safari nzima na anaona aibu kukanyaga ndani. Nikafika mstari wa mwisho.

Nikainua mkono kama baba. Nikanyamaza.

Maji yanadondoka kwenye bati.

Na Mukabera, amefumba macho, akaimba kwa sauti nyembamba ya msichana:

"Ingia na tope lako, nitapangusa kesho."

Akafumbua macho. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini mstari ulikuwa umeshatoka.

Laurence alinitazama mimi, akamtazama yeye. Maneno yale baba aliyatunga mwenyewe. Nje ya ule ukumbi yaliimbwa jikoni kwangu tu, na humu Mukabera alikuwa hajawahi kuingia. Aliyeyajua alikaa mle, gizani, mbele yangu nikiwa juu ya kasha la bia. Na siyo mara moja.

Ningeweza kumuuliza kuhusu kanda zangu saba. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimtazama, nikaona msichana wa Birere aliyejichoma mwenyewe kwanza kabla ya kuchoma kanda zangu.

Mzee Gatete akafunga daftari. "Mchezo utaendelea," akasema. Na niwaambie sasa hivi: Pasaka Ruthu aliimba, na Naomi akamjibu kwa sauti iliyofika barabarani.

Ninachowaachia ni hiki. Ulichopewa ukiwa mtoto na kikakushika mkono ukubwani, usimpe mtu akichome. Na anayekulazimisha uchome, mwangalie miguu kabla hujamwogopa.

Siku ile nilimimina chai, nikamsogezea kikombe. "Mama Mukabera, kaa. Tuimbe kuanzia mwanzo."

Alisimama. Akachukua Biblia yake, akaibana kifuani. Mlangoni, bila kutazama chini, aliingiza miguu kwenye sandali za Laurence, akaacha viatu vyake pale kwenye tope, akatoka.