Kadi ya Mlango Imenitoa Roho

Jamani, leo nimempoteza mama yangu hotelini, huku India.

Tumetoka kijijini kwetu Mlingotini, nimemleta kwa matibabu ya moyo. Mchana nimemwacha amelala, nikachomoa kadi ya mlango pale ukutani, nikashuka kununua maji.

Kumbe kadi ile ndiyo inayowasha umeme wa chumba kizima! Ningejuaje?

Narudi, taa na feni vimezima, joto. Kitanda kitupu. Bafuni hayumo.

Dirisha liko wazi, na sisi tuko ghorofa ya juu kabisa.

Wallahi nilikimbilia dirishani. Nikachungulia chini huku nasoma shahada. Hamna mtu.

Nikatoka mbio, naita, "Mama! Mama!"

Nikamkuta kwenye ngazi, peku, dada wa usafi anampepea kwa taulo.

"Umeme umekatika, mwanangu. Nimefungua dirisha, joto lile lile. Nikatoka kupunga upepo kama nyumbani, mlango ukajifunga. Nagonga, naita, hakuna anayenielewa. Nikasema ndo nafia ugenini peke yangu."

Tumelia wote wawili.

Mnaosafiri na wazee, ombeni kadi mbili mapokezi, moja ibaki ukutani. Nani mwingine yamemkuta?

Sasa amelala. Amenishika mkono, na mimi sithubutu kuutoa.